Kilichowalazimu Kukutana: Maisha ya Miji Midogo ya Saskatchewan

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wetu, mama zetu, na ninyi ndugu zangu mliofika hapa Saskatoon kutoka Kigoma, Bukavu, Bujumbura, Nairobi na kwingineko, nawasalimu nyote.

Nimeombwa nizungumzie miji midogo ya jimbo hili la Saskatchewan, hapa Kanada, kwa sababu baadhi yenu mmeanza kupata kazi huko, katika nyumba za kutunzia wazee, katika hoteli za kando ya barabara kuu na katika udereva wa malori, na mnauliza kama binadamu anaweza kuishi mahali penye watu mia nne, kituo kimoja cha mafuta na baridi inayofika nyuzi 40 chini ya sifuri. Anaweza. Nimeishi huko nikiwatunza wazee ambao wazazi wao ndio waliovunja ardhi hiyo kwa jembe la kukokotwa, na mengi nitakayoyasema nilianza kuyasikia kwao kabla ya kuyasoma. Lakini mgeni asipoelewa mji wa aina hiyo ulijengwaje, ataona milango imefungwa, ataona hakuna mtu barazani, naye ataamua kwamba watu hawa hawajuani wala hawapendani. Maoni yangu ni kwamba miji hii haikuanzishwa na watu waliopendana. Ilianzishwa na wageni waliolazimika kukutana, kwa kuwa hakuna jambo la maana lililowezekana kwa mtu mmoja; na taabu yao ya leo ni kwamba mambo yaliyowalazimu yamepungua, ilhali haja ya kukutana imebaki palepale.

Kwanza ni haki kusema ardhi ilitoka wapi. Nyanda hizi zilikuwa za Wakrii, Wasoto, Wanakota na Wametisi, ambao maisha yao yalitegemea nyati waliozagaa humu kwa mamilioni. Mkataba wa Nne kati ya wenyeji hao na serikali ulitiwa saini mwaka 1874 katika bonde la Qu'Appelle, na Mkataba wa Sita mwaka 1876 katika ngome za Carlton na Pitt. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1880 nyati walikuwa karibu wamekwisha, na njaa ndiyo iliyowasukuma wenyeji kuingia katika maeneo waliyotengewa. Baada ya upinzani wa Wametisi na baadhi ya Wakrii wa mwaka 1885, maofisa wa serikali walianza kuwadai karatasi ya ruhusa kila walipotaka kutoka nje ya maeneo hayo, ingawa hakuna sheria iliyoamuru hivyo. Wenzetu wa Kenya waliosimuliwa na babu zao habari za kipande hawahitaji maelezo zaidi. Ninapoisifu miji hii, kwa hiyo, naisifu nikijua imekalia nini.

Sheria ya ardhi ya mwaka 1872 ilimpa mlowezi ekari 160 kwa ada ya dola 10, kwa sharti kwamba aishi katika ardhi hiyo, ajenge nyumba na kulima sehemu yake kwa muda wa miaka mitatu ndipo apewe hati. Wapimaji walikuwa wameigawa nchi yote kwa miraba ya maili moja kwa maili moja, pasipo kujali kilima wala bwawa, na ekari 160 ni robo ya mraba mmoja. Tafakarini matokeo yake. Mkulima wa Ukraine aliyezoea nyumba zinazopakana, kanisa likiwa katikati na mashamba yakiwa pembeni, alijikuta yeye na mkewe katika kibanda cha udongo, na jirani wa karibu yuko nusu maili au zaidi, pengine ni Msweden ambaye hawaelewani hata neno moja. Waduhobori, Wakristo wa Urusi waliokataa vita, walifika zaidi ya 7,000 mwaka 1899 na mwanzoni waliruhusiwa kuishi kwa vijiji na kulima kwa pamoja. Mwaka 1907 walinyang'anywa sehemu kubwa ya ardhi yao kwa sababu wengi wao walikataa kula kiapo na kuandikisha kila mtu shamba lake. Serikali ilitaka mkulima mmoja mmoja. Upweke ule haukuletwa na nyika, uliandikwa kwenye sheria.

Ndiyo sababu mji mdogo ulikuwa na maana kubwa kuliko ukubwa wake, ingawa hata huo haukuwa mali ya watu kwa asili. Makampuni ya reli ndiyo yaliyochagua mahali pa mji, kwa kawaida kila baada ya kilomita 10 hadi 16, ili mkulima mwenye gari la farasi aweze kupeleka ngano na kurudi siku hiyohiyo. Kampuni ya Grand Trunk Pacific iliipa miji yake majina kwa kufuata herufi: Fenwood, Goodeve, Hubbard, Ituna, Jasmin, Kelliher, Lestock, na kuendelea, na alfabeti ilipokwisha wakaanza tena. Baadhi ya herufi hizo hazina mji tena. Kila palipowekwa stesheni pakainuka vihenge vya mbao kando ya reli, virefu kupita jengo lolote, kisha duka, hoteli, benki, makanisa mawili au matatu, na karibu kila mahali mgahawa wa Mchina. Mchina huyo aliwapikia wote, lakini alilala peke yake, kwa kuwa tangu mwaka 1903 karibu kila mhamiaji wa Kichina alitozwa kodi ya kichwa ya dola 500, na kati ya mwaka 1923 na 1947 uhamiaji wao ulikuwa karibu umefungwa kabisa. Mji ulimjua kwa jina la kwanza na haukumpa nafasi mezani.

Sasa niwaeleze jinsi lazima ilivyozaa umoja. Mwaka 1901 mavuno yalikuwa mengi mno, na reli ikashindwa, au ikapuuza, kuleta mabehewa ya kutosha. Yaliyofika yalipewa makampuni yenye vihenge, na mkulima aliyetaka kupakia ngano yake mwenyewe aliambiwa asubiri, huku nafaka ikirundikana nje. Mwezi Desemba mwaka huo wakulima walikusanyika katika mji wa Indian Head, W. R. Motherwell akiwa mmoja wa viongozi wao, wakaunda chama. Mwaka uliofuata chama hicho kilimshtaki wakala wa reli wa kituo cha Sintaluta kwa kutogawa mabehewa kwa zamu kama sheria ilivyotaka. Walishinda, na Mahakama ya Juu ya Kanada ikakubaliana na hukumu hiyo. Sintaluta ni mji ambao mtu huuvuka akiwa anakohoa, lakini ndiko wakulima walikobaini kwamba kampuni kubwa kuliko zote magharibi ya Kanada inaweza kusimamishwa kizimbani. Mkulima mwingine wa hukohuko, E. A. Partridge, alitumwa Winnipeg mwaka 1905 kwenda kuchunguza biashara ya nafaka, na mwaka 1906 wakulima wakawa na kampuni yao ya kuuza ngano. Mwaka 1911 ukaja ushirika wa vihenge wa jimbo, na mwaka 1924 ukaanzishwa ule mkubwa, Saskatchewan Wheat Pool, ambao wakulima waliuingia kwa kutia saini mkataba wa miaka mitano wa kuukabidhi ngano yao yote. Kila kihenge cha ushirika kilikuwa na kamati yake ya wakulima wa hapo, na vikao vya kamati hizo, vya kuchosha na vya kubishana juu ya nauli na madaraja ya ngano, vilikuwa shule ya uongozi kwa watu ambao wengi wao hawakumaliza hata darasa la nane.

Shule zenyewe zilikuwa za chumba kimoja. Mchana mwalimu mmoja, mara nyingi msichana asiyefika miaka ishirini, alifundisha madarasa yote kwa pamoja. Jioni madawati yalisogezwa ukutani na chumba kikawa ukumbi wa dansi, kanisa, kituo cha kupigia kura na mahali pa kulumbana.

Jambo ambalo ningependa mlikumbuke kuliko yote linahusu matibabu. Mwanamke aliyejifungua shambani katikati ya Januari, daktari akiwa mbali na farasi hawapiti kwenye theluji, alikuwa hatarini kufa, na wengi walikufa. Violet McNaughton, mke wa mkulima wa karibu na mji wa Harris, aliwaunganisha wanawake wa mashambani mwaka 1914 katika tawi lao ndani ya chama cha wakulima, nao wakadai mambo mawili: kura, na wakunga, wauguzi na madaktari walio karibu na wanaolipika. Kura waliipata mwaka 1916. Wakati huohuo halmashauri ya Sarnia, katika eneo la mji wa Holdfast, ilikuwa imeona daktari wake akitaka kuondoka kwa kukosa kipato, ikaamua kumlipa dola 1,500 kutoka kwenye kodi ya ardhi ili abaki. Hakuna falsafa kubwa iliyowaongoza. Walikuwa wanamzuia daktari asipande treni. Lakini mwaka 1916 sheria iliruhusu halmashauri nyingine zifanye vivyo hivyo, na ikaruhusu halmashauri jirani ziungane kujenga hospitali, na ile ya kwanza ikafunguliwa Lloydminster mwaka 1917. Miaka thelathini baadaye, tarehe 1 Julai 1946, eneo la Swift Current lilianza kumtibu kila mkazi kwa fedha za kodi, daktari na hospitali kwa pamoja. Mwaka 1947 serikali ya Tommy Douglas, aliyekuwa mchungaji wa Kibaptisti katika mji wa Weyburn, ilianzisha bima ya hospitali kwa jimbo zima. Bima ya kulipia madaktari ilipoanza tarehe 1 Julai 1962, Douglas alikuwa amekwisha kumwachia Woodrow Lloyd uwaziri mkuu wa jimbo. Madaktari waligoma kwa siku 23, na wananchi katika miji kadhaa wakaanzisha kliniki zao za ushirika, mojawapo ni hii ya hapa Saskatoon ambayo baadhi yenu mnatibiwa humo. Mwaka 1966 bunge la Kanada lilipitisha sheria ya kuupeleka utaratibu huo nchi nzima. Kadi ya afya mliyo nayo mifukoni, basi, ilianza kama mjadala wa wakulima juu ya mshahara wa daktari mmoja.

Msidhani nawachorea pepo. Mwishoni mwa miaka ya 1920 Ku Klux Klan, kundi la ubaguzi lililotoka Marekani, ilipata maelfu ya wanachama katika miji hii hii, ikiwachochea Waprotestanti dhidi ya Wakatoliki, Wafaransa na wahamiaji wa Ulaya ya mashariki. Kisha ukaja ukame, bei ya ngano ikaporomoka hadi wastani wa senti 35 kwa busheli mwaka 1932, upepo ukabeba udongo wa mashamba, na wale waliokuwa wakitukanana wakajikuta wamepanga foleni moja stesheni kupokea matofaa na samaki mkavu waliotumwa kwa treni kutoka majimbo ya mashariki. Wazee niliowatunza walicheka walipokumbuka samaki yule wa chumvi, mgumu kama ubao, ambaye mama zao hawakujua hata aanziwe wapi kupikwa.

Kwa Watanzania mlio humu kuna habari nyingine inayogusa nyumbani. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 hadi miaka ya 1990, Kanada ilisaidia kuanzisha mashamba makubwa ya ngano huko Hanang, chini ya NAFCO, shirika la umma la kilimo na chakula, kwa mbegu, matrekta, kombaini na wataalamu walioijua kazi hiyo kutoka nyanda hizi. Mashamba hayo yalichukua takriban ekari 100,000, na humo mlikuwa na malisho ya wafugaji wa Kibarabaig, ambao katika miaka ya 1980 walikwenda mahakamani. Kijiji cha Mulbadaw kilishinda Mahakama Kuu, kisha Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu. Nimeifikiria sana habari hii. Kilichovuka bahari ni mashine na namna ya kulima, na, kwa bahati mbaya, namna ya kumwondoa mwenyeji. Havikuvuka kamati ya kihenge, ukumbi wa shule wala wanawake wanaodai mkunga, yaani vile vilivyoifanya ngano ya Saskatchewan ijenge miji badala ya kujenga mashamba matupu. Ni ajabu kwamba nchi mbili zilizokuwa na ushirika hai, maana Wachaga walikuwa na chama chao cha kahawa tangu mwaka 1925, zilikutana na kupeana trekta tu.

Wala msifikiri waliobaki hapa wamevihifadhi vyote. Mwaka 1936 jimbo hili lilikuwa na mashamba zaidi ya 142,000. Sensa ya kilimo ya mwaka 2021 ilihesabu takriban 34,000, na wastani wa shamba moja ulikuwa zaidi ya ekari 1,700. Vihenge vya mbao, ambavyo katika miaka ya 1930 vilizidi 5,700 kwenye nyanda zote za Kanada, vimebomolewa karibu vyote. Mwaka 1993 serikali iliziondolea hospitali ndogo 52 za vijijini fedha za kulaza wagonjwa. Mwaka 1995 nafuu ya nauli ya reli kwa nafaka ilifutwa, na reli ndogo zikang'olewa moja baada ya nyingine. Basi la umma lililoiunganisha miji hii tangu mwaka 1946 lilisimama tarehe 31 Mei 2017, na mzee asiyeendesha gari, anayetakiwa kuja Saskatoon kwa matibabu ya saratani, akawa mzigo wa majirani. Ni rahisi kuwalaumu wanasiasa, nao wanastahili sehemu yao. Lakini wakulima wenyewe walinunua ardhi ya jirani kila jirani alipozeeka, na kila nyumba iliyozimwa taa ilipunguza mtoto wa shule, mteja wa duka na mpokezi wa zamu. Leo mkulima hupakia kanola, yaani mbegu za mafuta, au adesi kwenye lori lake, akaenda kilomita 80 hadi kihenge cha zege, akapimiwa na kurudi bila kuzungumza na mtu yeyote isipokuwa kijana wa mizani.

Je, kilichobaki ni nini? Kimebaki kile ambacho hakuna kampuni inayotaka kukifanya. Uwanja wa barafu, kwa mfano, ambako watoto hucheza hoki na wakubwa hutelezesha mawe ya granaiti wakiyafagilia njia. Mchezo huu wa mawe ndio mchezo rasmi wa jimbo, na Sandra Schmirler wa mji wa Biggar aliuletea Kanada dhahabu ya Olimpiki mwaka 1998. Barafu haijitengenezi. Yupo mtu anayeamka usiku kuimwagia maji, wapo wanaouza kahawa na supu jikoni, yupo mweka hazina anayelia kila bili ya umeme inapofika, na hakuna hata mmoja anayelipwa. Zimamoto ni hao hao: king'ora kikilia, mwenye duka hufunga duka. Mkulima akiugua wakati wa mavuno, majirani huja na kombaini zao, wakavuna shamba lake lote kwa siku moja, na wanawake wakaleta chakula shambani, na jambo hilo halitajwi tena, kwa sababu kulitaja ni kama kudai. Mtu akifa, chakula cha mazishi huandaliwa katika chumba cha chini cha kanisa na kamati ambayo ina orodha yake ya nani huleta mkate na nani huleta keki. Na kila vuli kuna karamu ya mavuno ukumbini, yenye bata mzinga, viazi na pai za maboga zisizohesabika, ambapo watu wa miji ya jirani hulipa kiingilio, nasi mwezi ujao huenda kulipa kwao, na fedha zilezile huzunguka jimbo zima zikitengeneza mapaa.

Nimesema "nasi". Hivyo ndivyo inavyotokea.

Niwape sasa mambo machache ya kuwafaa. Katika miji hii hakuna anayegonga mlango wako bila taarifa, na hilo si dharau. Wanaogopa kukusumbua, kama vile sisi tunavyoogopa kumwacha mgeni peke yake. Dereva anayekuja mbele yako kwenye barabara ya kokoto atainua kidole kimoja kutoka kwenye usukani: nawe inua. Chomeka gari lako kwenye umeme usiku wa baridi kali, la sivyo asubuhi halitawaka, na jirani atakayekusaidia ataijadili habari hiyo mgahawani kabla ya saa nne. Siri hakuna. Jiunge na duka la ushirika kwa ada yake ndogo, maana utapata namba ya uanachama na gawio la mwaka, na zaidi ya hayo utakuwa na haki ya kusimama katika mkutano mkuu. Kama una watoto, waandikishe katika mchezo wowote, hata usioujua, kwa sababu wazazi hufahamiana wakiwa wamesimama kwenye baridi wakitazama watoto, mara chache sana wakiwa nyumbani. Utakutana pia na mtu wa kukuchukia kwa rangi yako. Mimi nimekutana naye, na nimeona pia aliyemnyamazisha, wote wawili wakiwa wakazi wa mtaa mmoja.

Ukialikwa kwenye karamu ya vuli, usiende mikono mitupu ukingojea kuhudumiwa. Uliza jikoni wanakosa nini. Wakikuambia hawakosi kitu, chukua kitambaa uanze kukausha vyombo. Pilau nayo wataila, mradi uweke pilipili pembeni, na mwaka unaofuata jina lako litakuwa kwenye orodha.

La mwisho ni tahadhari. Mkutano mkuu wa mwaka wa kamati ya ukumbi hufanyika majira ya baridi, huhudhuriwa na watu kumi au kumi na wawili, na desturi ya mahali pengi ni kwamba asiyefika ndiye anayechaguliwa katibu. Kama hamtaki kuandika mihutasari kwa miaka mitano ijayo, fikeni mapema na mkae mstari wa mbele. Mheshimiwa mwenyekiti, nipo tayari kwa maswali.